Jeti zinapopita kwenye plazima ya kwarki na gluoni: nishati inakwenda wapi hasa?

#1 Kwarki_Huru

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna namba moja inayorudiwa kila panapozungumzwa migongano ya viini vizito: 0.2. Tunaambiwa kwamba dhahabu ikigonganishwa na dhahabu kule RHIC, mashine ya kugonganishia viini kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, chembe za nguvu nyingi zinazotoka ni kama moja ya tano tu ya zilizotarajiwa. Hapo hapo anatokea mtu na kuandika kwamba "jeti zimepoteza asilimia 80 ya nishati". Namba ni sahihi, hitimisho siyo. Na ukishalibeba hitimisho hilo, mengine yote kuhusu jeti na plazima yanakuja yamepinda. Naomba tulipitie jambo hili taratibu.

Kwanza jeti yenyewe. Protoni mbili zikigongana kwa nishati kubwa, mara nyingi vitu vilivyomo ndani yake, yaani kwarki na gluoni zinazoziunganisha, hupishana kwa mbali. Mara chache sana kwarki au gluoni ya hii inaivaa ya ile uso kwa uso, zote mbili zinarushwa kwa pembe kubwa, kila moja upande wake. Kwarki haiwezi kutembea peke yake ikafika kwenye kigunduzi. Njiani inatoa gluoni, gluoni nazo zinagawanyika, na mwisho wa yote zinazaliwa pioni, kaoni, protoni na ndugu zake. Kigunduzi kinaona shada la chembe zinazoelekea upande mmoja. Shada hilo ndilo jeti, na kwa kuwa momenta (kiasi cha mwendo) haipotei, upande wa pili lazima kuwe na jeti nyingine ya kuilinganisha.

Sasa badala ya protoni weka kiini cha dhahabu chenye nukleoni (protoni na nutroni) 197, au cha risasi chenye 208. Viini vikigongana katikati kwa katikati, panazaliwa tone la maada lenye joto ambalo ndani yake protoni na nutroni haziwezi kubaki nzima: hiyo ndiyo plazima ya kwarki na gluoni. Hesabu za kromodinamiki ya kwanta (nadharia ya nguvu inayoziunganisha kwarki) kwenye kompyuta kubwa zinaweka mpaka huo wa joto karibu na MeV 156 (elektronvolti milioni 156), yaani kama kelvini trilioni 1.8. Tone hilo linaishi kwa muda wa kama sekunde 3 × 10⁻²³ kisha linapoa na kugeuka kuwa hadroni, yaani chembe zilizoundwa na kwarki, kama protoni na pioni. Huwezi kulimulika kutoka nje wala kulichomeka kipimajoto. Ila jeti huzaliwa humo humo, mwanzoni kabisa, halafu inalazimika kulipita tone ndipo itoke. Kwa hiyo kipimo kimetengenezwa na mgongano wenyewe, ndani ya kitu kinachopimwa. Mimi naona hili ni jambo zuri kuliko yote katika fani hii.

Wazo si la jana. Mwaka 1982 James Bjorken, akiwa maabara ya Fermilab, Marekani, aliandika kwamba kwarki au gluoni ikipita kwenye plazima itapoteza nishati kwa kugongana na chembe za humo. Akafikiria tukio ambalo mgongano mkali umetokea karibu na ukingo wa tone: jeti moja inatoka salama kwa sababu njia yake ni fupi, nyingine inalipita tone zima na kumezwa. Makadirio yake ya nishati inayopotea kwa njia hiyo yalikuwa madogo kuliko yanavyohitaji majaribio ya leo, na sababu yake nitaieleza tukifika kwenye mnururisho, yaani kwarki kutoa gluoni njiani. Lakini picha ya ukingo ilikuwa picha sahihi.

Hiyo 0.2 ni thamani ya uwiano unaoitwa R_AA. Unahesabu chembe zenye momenta fulani ya kukingama, yaani momenta inayopimwa kukata njia ya miale, katika mgongano wa viini. Kisha unagawanya kwa idadi ya chembe hizo katika mgongano wa protoni na protoni, ukiwa umeizidisha kwa idadi ya migongano ya nukleoni kwa nukleoni iliyomo ndani ya mgongano mmoja wa viini. Kama kiini kingekuwa mkusanyiko tu wa nukleoni zisizosumbuana, uwiano ungekuwa 1. Timu ya PHENIX ilichapisha upungufu huo mwaka 2002, kutokana na data za GeV 130 (elektronvolti bilioni 130) kwa kila jozi ya nukleoni. Data za GeV 200 zilipokuja, pioni za migongano ya katikati zilikaa karibu na 0.2.

Nasimama hapa kwanza. Maswali yanakaribishwa.

#2 Tabasamu88

Mkuu, ahsante kwa uzi. Mimi nakwama kabla hata ya hiyo 0.2. Mtajuaje kwamba plazima ndiyo imezipunguza? Huenda viini vizito tangu mwanzo vina gluoni chache kuliko mnavyodhani, kwa hiyo jeti chache ndizo zilizozaliwa. Hapo hakuna kilichopotea njiani.

#3 Kwarki_Huru

Tabasamu88, umegusa penyewe. Swali hilo ndilo lililosumbua watu 2002, na lilijibiwa kwa majaribio, siyo kwa hoja.

Jibu la kwanza lilikuja 2003. RHIC iligonganisha deteroni (protoni moja na nutroni moja tu) na dhahabu. Hapo kiini kizito kipo, na gluoni zake zote zipo, lakini tone kubwa la plazima halipo. Kama tatizo lingekuwa kwenye kiini chenyewe, upungufu ungeonekana vilevile. Haukuonekana. Timu nne za RHIC (BRAHMS, PHENIX, PHOBOS na STAR) zilitoa matokeo hayo kwa pamoja. STAR waliongeza jambo la pili: kwenye dhahabu kwa dhahabu za katikati, ukichagua hadroni moja yenye nguvu, mwenzake wa upande wa pili anatoweka. Kwenye deteroni na dhahabu mwenzake yupo pale pale.

Jibu la pili ni fotoni, chembe ya mwanga. Mgongano mkali wa kwarki na gluoni unaweza kutoa fotoni moja kwa moja. Fotoni haina chaji ya rangi, ile inayozifanya kwarki na gluoni zishikane, kwa hiyo plazima haiioni. PHENIX walipozipima fotoni hizo kwenye dhahabu kwa dhahabu, walikuta uwiano uko karibu na 1. Baadaye LHC, mashine kubwa zaidi ya CERN kule Geneva, ilipata hali hiyo hiyo kwa bosoni za W na Z, chembe nyingine zisizo na rangi. Kwa hiyo migongano mikali inatokea kwa idadi ile ile iliyotarajiwa. Chenye rangi kinazuiwa, kisicho na rangi kinapita.

#4 MwanaHesabu

Sawa, upungufu ni wa kweli. Lakini umesema 0.2 haimaanishi asilimia 80 ya nishati. Weka hesabu mezani mkuu, maneno pekee hayatoshi.

#5 Kwarki_Huru

Hesabu ni fupi, ila ndiyo moyo wa uzi huu.

Idadi ya chembe inashuka kwa kasi kubwa kadiri momenta inavyopanda. Tuseme inashuka kama momenta kwa kipeo cha hasi 7, ambayo si mbali na hali ya RHIC. Sasa chukua kila chembe na uipunguzie sehemu ile ile ya momenta yake. Usiondoe chembe hata moja, zote zisogeze tu kushoto kwenye mchoro. Halafu simama mahali pamoja, tuseme GeV 10, uhesabu. Chembe unazozikuta hapo sasa ni zile zilizoanza juu zaidi, na huko juu chembe zilikuwa chache sana. Ukifanya hesabu, uwiano unatoka (1 − ε) kwa kipeo cha 6, ambapo ε ni sehemu iliyopotea.

Unataka uwiano wa 0.2? Weka ε = 0.235. Basi. Upotevu wa chini kidogo ya robo ya momenta unatosha kutoa upungufu wa asilimia 80 ya *idadi*. Mteremko mkali ndio unaokuza athari.

Na hesabu hiyo inafundisha jambo la pili. Kule LHC mteremko ni wa pole zaidi. Chukua kipeo cha 6 badala ya 7: ili upate 0.2 ile ile, unahitaji upotevu wa asilimia 27.5. Mtu akikuletea R_AA mbili zinazofanana kutoka mashine mbili, hajakuonyesha kwamba plazima mbili zinafanana. Hilo nimeliona likipuuzwa hata kwenye maandishi ya watu makini.

#6 MwanaHesabu

Hesabu nimeirudia, inatoka. Ila naongeza angalizo: umechukulia kila chembe inapoteza sehemu ile ile. Kiuhalisia mmoja anapoteza kidogo, mwingine anapoteza nusu. Kwa mteremko mkali namna hiyo, wanaoonekana juu watakuwa hasa wale waliopoteza kidogo. Kwa hiyo wastani wa kweli wa upotevu unaweza kuwa mkubwa kuliko unavyosomeka kwenye fomula yako.

#7 Kwarki_Huru

Nyongeza nzuri sana, na ina jina lake kwenye fani: upendeleo wa walionusurika. Ukichagua jeti za GeV 100 kwenye risasi kwa risasi, umechagua jeti ambazo *zimebaki* na GeV 100. Nyingi zilizaliwa karibu na ukingo zikaelekea nje, au zilikuwa nyembamba, zenye matawi machache, plazima ikapata pachache pa kuzishika. Ukizilinganisha na jeti za GeV 100 za protoni kwa protoni, hulinganishi kitu kimoja kabla na baada. Unalinganisha makundi mawili yaliyochujwa tofauti. Ndiyo maana jeti zilizotoka kwenye plazima wakati mwingine zinaonekana nyembamba katikati yake, na msomaji anadhani plazima imezibana. Inawezekana plazima iliziondoa nene kwenye hesabu tu.

Dawa ya upendeleo huo ni kutafuta tukio ambalo jeti imezaliwa pamoja na fotoni au bosoni Z. Huyo mwenzake anatoka bila kuguswa, akibeba kumbukumbu ya momenta ambayo jeti ilianza nayo. CMS, timu mojawapo ya LHC, walichapisha vipimo vya fotoni na jeti kutoka data za kwanza za LHC, kisha Z na jeti mwaka 2017. Matokeo: jeti kwa wastani inatoka na sehemu ndogo ya momenta ya mwenzake kuliko ilivyo kwenye protoni kwa protoni, na nyingine zinashuka chini ya kizingiti cha kipimo kabisa. Tukio la Z na jeti ni adimu, lakini kwangu mimi linabeba uzito kuliko jedwali refu la R_AA.

#8 Bintimwanga

Nafuatilia kwa makini. Sasa naomba utueleze *jinsi* inavyopoteza. Bjorken alisema migongano. Wewe umetaja mnururisho. Ni kipi?

#9 Kwarki_Huru

Bintimwanga, ni vyote viwili, lakini kwa kwarki nyepesi na gluoni zenye nishati kubwa mnururisho ndio unaobeba mzigo mkubwa; ndiyo maana makadirio ya Bjorken, ya migongano pekee, yalitoka madogo. Hapa nitakaa kidogo.

Kwarki inapita kwenye plazima, inapigwa teke dogo huku, teke dogo kule. Kila teke ni nafasi ya kutoa gluoni. Ungedhani basi mateke kumi yanatoa gluoni mara kumi ya teke moja. Sivyo, kwa sababu gluoni haizaliwi papo kwa papo. Inahitaji muda kujitenga na kwarki iliyoitoa, na muda huo ni mrefu zaidi kadiri inavyotoka kwa pembe ndogo na nishati kubwa. Katika muda huo mateke kadhaa yanakuwa yameshapita. Yote yanafanya kazi kama teke moja kubwa, na mnururisho unapungua kuliko ungekuwa kila teke linajitegemea.

Athari hii iligunduliwa kwa elektroni zinazopita kwenye maada ya kawaida: Landau na Pomeranchuk mwaka 1953, Migdal mwaka 1956. Ilipimwa vizuri kwenye maabara ya SLAC, Marekani, miaka ya 1990. Lakini kwa kwarki kuna tofauti inayobadilisha kila kitu. Fotoni iliyotolewa na elektroni haina chaji. Gluoni ina chaji ya rangi, kwa hiyo na yenyewe inapigwa mateke na plazima wakati bado inazaliwa, na mateke hayo ndiyo yanayoisaidia kujitenga. Baier, Dokshitzer, Mueller, Peigné na Schiff, na Zakharov kwa njia yake, walifanya hesabu hiyo mwaka 1996 na 1997. Jibu likawa kwamba wastani wa nishati inayopotea unakua na *mraba* wa urefu wa njia. Njia ikiwa ndefu mara mbili, upotevu ni mara nne.

Hapo pana sharti: tone liwe limetulia. Tone halisi linapanuka na kupungua msongamano tangu linapozaliwa, kwa hiyo nusu ya pili ya njia inapita kwenye plazima nyembamba. Mraba unalegea, unakaribia uhusiano wa moja kwa moja. Ukikuta mtu amechora mstari wa mraba juu ya data bila kutaja upanukaji, muulize.

Ukali wa mateke una kipimo chake, q̂: wastani wa mraba wa momenta ya pembeni inayoongezeka kwa kila urefu wa njia. Ushirikiano wa JET, kundi la wananadharia, mwaka 2014, ulioanisha nadharia kadhaa na data ukapata kama GeV² 1.2 kwa femtomita kwa plazima ya RHIC, na 1.9 kwa ya LHC, kwa kwarki ya GeV 10 mwanzoni mwa maisha ya tone. Kutokuwa na uhakika bado kulikuwa kama 0.3 na 0.7 kwa mfuatano huo. Femtomita ni 10⁻¹⁵ ya mita. Fikiria mateke hayo kwa urefu huo.

#10 Bintimwanga

Na je, gluoni yenyewe ikiwa ndiyo mwanzo wa jeti? Na kwarki nzito?

#11 Kwarki_Huru

Gluoni ina kizidisho cha rangi (ukubwa wa chaji yake ya rangi kwenye hesabu) cha 3, kwarki 4/3. Kwa hiyo kwenye hesabu rahisi gluoni inapoteza mara 9/4 ya kwarki. Jeti za gluoni zinaumia zaidi.

Kwarki nzito ni kinyume. Kwarki yenye uzito haiwezi kunururisha ndani ya koni nyembamba ya mbele yake, yenye pembe kama uzito wake ukigawanywa kwa nishati. Dokshitzer na Kharzeev walilitumia hilo mwaka 2001 kutabiri kwamba kwarki nzito zitapoteza kidogo ndani ya plazima. Koni hiyo yenyewe ALICE, timu nyingine ya LHC, waliionyesha moja kwa moja kwenye protoni kwa protoni, kwa kwarki chamu, mojawapo ya kwarki nzito, wakachapisha mwaka 2022. Kwa kwarki nzito zenye nishati ya wastani, migongano ya Bjorken inarudi kuwa na sauti.

#12 Mpita_Njia7

Wakuu, mimi siyo mtu wa fani, lakini kichwa cha uzi kinauliza nishati inakwenda wapi na sijaona jibu. Nishati haipotei. Iko wapi?

#13 Kwarki_Huru

Mpita_Njia7, umefanya vizuri kutukumbusha.

LHC ilianza kugonganisha risasi kwa risasi Novemba 2010, kwa TeV 2.76 (TeV moja ni GeV 1000) kwa kila jozi ya nukleoni. Haukupita mwezi ATLAS, timu nyingine ya LHC, wakatangaza matukio ambamo jeti moja ina zaidi ya GeV 100 na upande wa pili jeti imedhoofika vibaya, mara nyingine haionekani kabisa. Picha ya Bjorken ya 1982, miaka 28 baadaye. Na jeti mbili bado zilikuwa zimeelekeana vizuri tu kwa pembe, yaani plazima haikuwa imeigeuza njia ya jeti, iliikamua.

CMS wakauliza swali lako lenyewe. Walijumlisha momenta ya chembe *zote* zenye chaji za tukio, siyo za jeti tu. Jumla ikasawazika. Nishati ilikuwepo. Ila upande wa jeti dhaifu ilikuwa imekaa kwenye chembe ndogondogo, za chini ya GeV 4 kwa momenta, na zimetawanyika mbali na mhimili wa jeti, nje kabisa ya duara ambalo watu hulichora ili kuihesabu jeti. Hayo yalichapishwa 2011, na yalibadilisha swali. Kabla yake tulikuwa tunauliza jeti imepoteza kiasi gani. Baada yake tukaanza kuuliza nishati hiyo inasafiri vipi kutoka kwenye gluoni kali hadi kuwa sehemu ya kimiminika.

Maana plazima hii inatiririka kama kimiminika chenye mnato mdogo mno. Gluoni zilizotolewa zinagawanyika tena na tena, kila mgawanyo ukizaa vilaini zaidi, hadi vinakuwa na nishati sawa na ya chembe za tone lenyewe na haviwezi kutofautishwa nazo. Tone nalo linasukumwa. Jeti inaacha mkondo nyuma yake kama mashua majini: mbele panajaa, nyuma panapungukiwa. Mapungufu hayo ya nyuma ni magumu kuyaona kwa sababu jeti ya pili iko huko huko na inayafunika. Tena dawa ni bosoni Z, ambayo haiachi mkondo wowote. CMS wakitumia matukio ya Z wameonyesha ushahidi wa chembe laini kupungua upande wa Z, upande ambao jeti imeukimbia.

#14 Tabasamu88

Basi ukichora duara kubwa zaidi kuihesabu jeti, utairudisha nishati yote?

#15 Kwarki_Huru

Kwa nadharia, sehemu yake. Kwa vitendo ni kazi ngumu. Kwenye mgongano wa katikati wa risasi, duara la kawaida la nusu kipenyo cha 0.4 (kwa kipimo cha pembe) tayari lina makumi ya GeV ya chembe zisizohusiana na jeti. Panua duara, na usuli huo unakua na eneo lake, pamoja na mabadiliko yake ya nasibu. Zaidi ya hapo, jeti pana zenye matawi mengi nazo zinapoteza zaidi, kwa hiyo faida ya kukusanya na hasara ya kupoteza zinavutana. Jeti za GeV 100 kwenye LHC, kwa duara la 0.4, zinabaki karibu nusu ya idadi iliyotarajiwa. Na hata zikikaribia TeV 1, ATLAS walikuta uwiano bado haujafika 1.

#16 MwanaHesabu

Swali la mwisho kwangu. Protoni kwa risasi inaonyesha mtiririko kama wa kimiminika, lakini jeti hazipungui. Sasa tone dogo lipo au halipo?

#17 Kwarki_Huru

Swali hilo bado liko wazi, na ndiyo sababu oksijeni imeingizwa. Njia ikiwa fupi sana, mateke ni machache na upotevu unaweza kuzama ndani ya makosa ya kipimo. Kwenye protoni kwa risasi kuna ugumu wa ziada: kukadiria idadi ya migongano ya ndani kwa kila kundi la matukio kunapotoshwa na jeti yenyewe. Oksijeni kwa oksijeni ina nukleoni 16 kila upande, tone lake ni dogo lakini lina umbo linaloeleweka, na unaweza kuchukua matukio yote bila kuyapanga kwa makundi.

LHC iliigonganisha Julai 2025 kwa TeV 5.36, na CMS wameshaonyesha kwamba hadroni zenye nguvu hapo zinakuja pungufu, uwiano ukiwa chini ya 1. Kazi iliyobaki ni kutenganisha: kiasi gani cha upungufu huo ni gluoni za kiini cha oksijeni zilizokuwa chache tangu mwanzo, lile swali la Tabasamu88, na kiasi gani ni nishati iliyoachwa njiani. Deteroni na dhahabu ilitosha kuyatenganisha mwaka 2003 kwa sababu athari ilikuwa kubwa. Kwa oksijeni athari ni ndogo, kwa hiyo kipimo cha protoni kwa oksijeni, ambacho nacho kilifanyika Julai hiyo hiyo, kinabeba mzigo mkubwa. Mwenye grafu zake azilete hapa tuzisome pamoja.